Michirizi Kabla ya Singo

Mamangu aliipa michirizi yangu miezi minne iwe imeondoka. Alisema hivyo akichagua mchele kwenye sinia, bila kuinua uso, kama anayemzungumzia mpangaji aliyechelewa kuhama. Mimi nilikuwa nimesimama mbele yake, leso nimeipandisha hadi kifuani na tumbo liko wazi, kwa sababu ndivyo alivyotaka. Alitazama mara moja, akatazama tena, kisha akarudi kwenye mchele na kusema ni mingi kuliko alivyodhani.

Ilikuwa mingi kweli. Ilianzia chini ya kitovu ikapanda pande zote mbili hadi karibu na mbavu, mingine myembamba kama uzi, mingine mipana kutosha kulaza ncha ya kidole. Miezi ya mwanzo ilikuwa ya zambarau, baadaye ikaanza kupauka. Mimi sikuwa na ugomvi nayo. Niliiona nikioga, nikavaa, nikaenda dukani Barabara ya Biashara kuwapimia watu vitambaa, na siku ikapita kama siku nyingine.

Nieleze sababu ya haraka hiyo. Nilikuwa nimeposwa. Mposaji alikuwa mtu wa miaka arubaini, karani wa afisi moja ya bandarini, mwana wa kiume pekee wa nyumba moja iliyo nyuma ya Ndia Kuu. Hakuwahi kuoa. Mimi nilikuwa nimeolewa Maskati na kuachwa, na kwa kawaida harusi ya mwanamke anayeolewa mara ya pili kama mimi huwa ni kadhi, kahawa na halua, basi. Lakini kwa mamake hii ndiyo harusi aliyoingoja miaka yote, naye alitaka kila kitu, hadi siku saba za singo. Tena, kwa heshima, akasema atamleta somo wake mwenyewe, yule mama aliyewasinga binti zake wote watatu. Kwetu sisi somo ndiye anayemfungia bibi harusi chumbani, akamsugua mwili mzima kwa liwa na dalia na mawaridi yaliyotwangwa, akamfunza ya kufunzwa. Hakuna sehemu asiyoiona. Mama angekataa heshima ile angeonekana ana la kuficha, na kweli alikuwa nalo.

Siku ya posa nilikuwa chumba cha ndani nikipanga vikombe. Nilisikia mmoja wa wanawake waliokuja kuposa akiuliza, kwa adabu sana, kama nimeacha mtoto huko Arabuni. Mama akajibu kuwa sina mtoto. Hilo lilikuwa kweli. Yule mwanamke akaongeza, kwa hiyo hajazaa? Mama akasema hajazaa. Nilisimama na kikombe mkononi nikingoja kusikia kitu ndani yangu, hasira au aibu. Hakikuja kitu. Nikakipanga kikombe pamoja na vingine nikatoa kahawa.

Nilikuwa nimezaa. Mimba ilikuwa ya miezi minane. Asubuhi moja kule Maskati mtoto aliacha kucheza tumboni, na jioni yake hospitali walinithibitishia, wakanipa dawa, na siku ya pili nikajifungua. Nilionyeshwa akiwa amefungwa kitambaa cheupe, nikaachwa naye kidogo, kisha akachukuliwa. Wanaume walikwenda kuzika, mimi nilikuwa kitandani. Baada ya miezi michache mume aliniambia nije nyumbani nipumzike, na talaka ikanifuata kwa simu nikiwa bado sijafungua sanduku moja. Mamangu alikuwa na habari tangu siku ile ile ya hospitali, nilimpigia mwenyewe. Alisema ni mapenzi ya Mungu, akaniuliza kama ninakula. Niliporudi alisema hapa hakuna aliyeniona na tumbo, na mdomo wake umefungwa, na wangu ufungwe. Aliamini kuwa mwanamke anayejulikana amezaa maiti hataposwa tena na nyumba ya maana, sembuse nyumba yenye mwana mmoja na mama anayengoja wajukuu. Basi siri tulikuwa nayo wawili, na tumbo likiwa la tatu.

Na mimi nilikubali yote, posa na kuficha pia. Nikijiuliza leo kwa nini, naona ni kwa sababu "ndiyo" ilikuwa neno fupi. Yule mwanamume hakuwa mbaya. Alinipigia simu baada ya Isha, akaniuliza siku yangu ilikwendaje, akangoja jibu. Nilitaka pia kutoka kwenye kile chumba changu cha usichana ambamo nilirudishwa nikiwa na miaka thelathini na mitatu, na mapazia yale yale. Zaidi ya hapo sikutaka kitu.

Dawa zikaanzia jikoni. Mama alikuna nazi, akalichemsha tui hadi likatoa mafuta, akanipaka mwenyewe asubuhi na jioni. Yakafuata asali na sukari ya kusugulia. Ikafuata shubiri, ambayo tuliifuata Marikiti, na muuzaji alipouliza ni ya nini mama akasema ni ya kidonda cha mguu. Wiki iliyofuata malimau yalikuwa ya mafua, na viazi vilikuwa vya wageni. Sijapata kumwona mamangu akiwadanganya watu wengi hivyo kwa jambo moja, naye ni mtu asiyekosa sala ya alfajiri. Baadaye aligundua video kwenye simu, na hapo hapakuwa na kizuizi tena. Akiwa chumbani kwake na mimi dukani, alinitumia wanawake wa nchi nisizozijua wakijipaka matumbo maganda na masimbi ya kahawa, yale machicha yanayobaki chini. Nilinukia kila kitu cha jikoni isipokuwa kitunguu, na kitunguu nacho kikaja wiki ya tatu.

Ngozi ililainika. Michirizi ilibaki pale pale, imelainika na yenyewe.

Mwezi wa pili mama alikwenda Majengo kwa mwanamke mmoja aliyesifiwa harusini, akarudi na kikopo kisicho na maandishi. Ndani mlikuwa na mafuta meupe yenye harufu ya sabuni. Hayo, lazima niseme, yalifanya kazi. Baada ya siku kumi tumbo lote lilikuwa jeupe kuliko mikono yangu, na michirizi imezama kwenye ule weupe hata ukaikosa kwenye mwanga hafifu. Mama alifurahi, akanipikia pilau siku isiyo ya Ijumaa. Mimi nilikula. Wiki zilipoenda ngozi ile ikawa nyembamba, inang'aa, mishipa inaonekana chini yake. Ikawa inawasha, na ndani ya mapaja, ambako mafuta yalikuwa yakishuka, ikatokea mistari mipya myekundu. Nilikaa nayo siku kadhaa kabla ya kusema. Si kwamba niliogopa. Nilikuwa sioni kama ni habari.

Ndipo tukaenda kwa daktari wa ngozi, ghorofani, mjini. Alikuwa mama wa makamo kutoka bara, msalaba mdogo shingoni, mpole lakini hana mzaha. Aliniambia nilale, akawasha taa, akapitisha kidole. Akauliza nilijifungua lini. Mama akadakia kutoka kitini.

"Hajazaa, daktari. Alinenepa Arabuni, kisha akakonda."

Daktari alinitazama mimi, si yeye. Akaandika kitu. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayesoma, kuwa inawezekana, unene huleta, na kukua haraka, na kwamba huwaona hata wapagazi na vijana wanyanyua vyuma wakiwa nayo mabegani. Mama aliishika ile sentensi kama amepewa zawadi. Tangu siku hiyo unene wangu wa Arabuni ukawa na historia, na vyakula vyake, na nguo ambazo hazikunitosha.

Kikopo cha Majengo daktari alikinusa na kukitia kwenye taka mbele yetu. Alisema dawa za namna hiyo, zikipakwa kwa muda, hulegeza ngozi mpaka zenyewe zikaleta michirizi, kwa hiyo tulikuwa tukinunua kile tunachokikimbia. Daktari akaeleza yaliyopo. Mafuta ya nazi na mengineyo hayana ubaya, yanazuia mwasho, ila hayafuti kitu, kwani michirizi si uchafu juu ya ngozi, ni ngozi ya ndani iliyochanika ikajishona yenyewe. Iko dawa ya kupaka usiku, inasaidia kidogo ikiwa michirizi bado michanga, lakini mwenye mimba haigusi. Iko mionzi, ghali, na kwa ngozi yetu yaweza kuacha madoa meusi mabaya kuliko hiyo michirizi. Ziko sindano ndogo ndogo za kuichokoza ngozi ijijenge upya. Alizieleza zote bila kuisifu hata moja.

Mama aliuliza kama kwa hizo zote itaondoka. Daktari akasema itapauka. Mama akauliza tena, kama hakusikia. Daktari akajibu kwamba kuondoka kabisa hakuna anayeweza kumuahidi, na akiahidiwa, asilipe.

Tukachagua sindano, baada ya ngozi kupumzishwa wiki kadhaa. Siku ya kwanza daktari alimwomba mama akae nje. Akaniuliza kama haya ni matakwa yangu mwenyewe. Nikasema ndiyo, neno lile lile fupi. Akanipaka dawa ya ganzi, akangoja, akaanza, akiniambia nimwambie nikisikia uchungu. Nilitazama dari. Kulikuwa na panga boi lenye bawa moja lililopinda. Alipofika ubavu wa kushoto alisimama ghafla, akagusa ngozi, akaona upande ule hakuupaka dawa, amekwisha kuupita nusu nzima. Vitone vya damu vilikuwa vimejaa. Akaniuliza mbona sikusema. Nikamwambia sikujua kama huo ndio uchungu anaouuliza. Aliweka kifaa chini, akakaa kidogo, akanipa karatasi yenye nambari ya mshauri wa mambo ya moyo na kusema niende nikiwa tayari. Niliikunja nikaitia kwenye pochi. Sikwenda.

Nilipigwa sindano mara tatu. Michirizi ilipauka, hilo ni haki yake. Aliyeijua angeiona, asiyeijua labda angepita. Lakini mama hakutaka labda.

Siku mbili kabla ya singo kuanza, alikuja na rai yake mwenyewe, na sijui hadi leo kama kuna mtu mwingine popote angeifikiria. Alisema tulipake tumbo hina. Tumbo zima, kuanzia mbavu hadi chini, kisha somo akiuliza tuseme nilikuwa na joto la tumbo, na hina inapoza. Kila mtu anajua hina inapoza. Michirizi ingefunikwa, na jambo lingekuwa limekwisha. Nilimtazama akisema hayo, macho yamemng'aa kwa uchovu, nikaona hapa pana mtu ambaye hajalala siku nyingi. Nikavua.

Aliikoroga kwa limau na chai ya rangi, akaipaka nene kama anayepiga lipu, akanifunga nailoni na leso juu yake. Nilikaa hivyo toka Adhuhuri hadi Magharibi nikitafuna karanga. Alipoiosha, tumbo lilikuwa jekundu la kahawia, zuri, limekolea. Na kila mchirizi ulikuwa umesimama ndani yake, mweupe, mmoja mmoja, hadi ile myembamba ambayo hata daktari hakuiona. Hina ilishika kila mahali isipokuwa kwenye michirizi.

Mama aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mimi nilicheka. Kilikuwa kicheko kikavu, kifupi, na kilinishangaza mwenyewe kwa sababu sikukumbuka cha mwisho kilikuwa lini. Yeye hakucheka. Alichukua chumvi na dodoki akasugua mpaka nikamshika mkono. Hina ya limau haitoki kwa siku mbili, na yeye alijua kuliko mimi.

Likabaki neno la kusema. Kesho yake, akisukuma chapati, alinifanya nilirudie: nilinenepa Arabuni, kisha nikakonda. Nilisema. Akataka niseme bila kuangalia chini. Nikasema bila kuangalia chini.

Somo alikuja asubuhi, mwanamke mfupi, umri wa mamangu na zaidi, mikono mipana. Alikuwa na kikapu, mkeka wake, na kibia cha singo aliyoitwanga mwenyewe. Nilimbusu mkono, tukajuliana hali kwa urefu unaostahili, akamuuliza mama kuhusu presha yake na mama akasema Alhamdulillahi. Mama alitaka kukaa chumbani. Alisema atashika taulo. Somo akamwambia, kwa upole, singo ni ya watu wawili, akafunga mlango.

Alianza na nyayo. Akapanda miguuni, akaja mikononi, akanigeuza akasinga mgongo. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Chumba kilinukia mawaridi na karafuu, na mimi nilikuwa nikilirudia lile neno kimoyomoyo kama mtoto anayengoja zamu yake kwenye chuo cha Kurani. Akaniambia nigeuke. Nikageuka. Akafungua leso.

Hakutazama sana, tofauti na nilivyotarajia. Aliweka kiganja chini ya kitovu, akabonyeza polepole, akakisogeza upande mmoja, akabonyeza tena, macho yake yako ukutani. Nilifungua mdomo niseme nilinenepa.

"Hukukandwa wewe," akasema.

Mwanamke akizaa huku kwetu hukandwa tumbo kwa maji moto, hufungwa, hulishwa, siku arubaini anatunzwa na wengine. Aliujua mwili wangu kwa kiganja, na hina yote ile na sindano zote zile zilikuwa juu tu.

"Mwana alikuwa mume au mke?"

Lile neno la Arabuni lilikuwa tayari kwenye ulimi. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi. Lakini swali hilo, kama alikuwa wa kiume au wa kike, halikuwa lile nililofunzwa kulijibu, na halikuwahi kuulizwa na mtu yeyote tangu Maskati, si mume wangu aliyekuwa na karatasi ya hospitali mkononi, si mamangu, si jirani, ambaye hakujua kuna wa kuulizwa.

"Mke," nikasema.

"Ulimwita nani?"

Nilimtajia. Jina lile sitaliandika hapa. Nilikuwa nimelisema mara moja tu katika maisha yangu, kwa yule muuguzi aliyeandika fomu. Somo alilirudia taratibu, akachota singo, akaanza kusinga tumbo, na pale ngozi ilipokuwa nyembamba kwa sababu ya kile kikopo ikaniunguza vibaya sana. Nikamwambia inaniuma. Akasema pole, akapunguza mkono. Nilikuwa ninalia, na nilikuwa na hasira, na vyote viwili vilinijia kwa pamoja nikiwa nimelala chali na manjano mwili mzima. Nilimkasirikia mume wa Maskati, nikamkasirikia mama, nikajikasirikia mimi niliyepanga vikombe.

Alipomaliza alinifunika. Akaniambia yeye hakutumwa kupeleleza, ametumwa kusinga, na la chumbani kwake halitoki.

"Lakini yule atakayekuoa ataishi nawe, na mato ya kuonea anayo," akasema. "Mwambie wewe, kabla hajajionea."

Nilimpigia mchumba wangu alasiri ile ile, liwa bado haijakauka shingoni. Nilimwambia yote kwa mpangilio, mimba, hospitali, kaburi nisilolijua, posa na jibu alilolitoa mama. Alinisikiliza bila kunikatiza. Kisha akauliza kwa nini hakuambiwa mapema. Nikamwambia mimi mwenyewe ndiyo kwanza nimeulizwa leo. Akaniomba nimpe siku mbili. Nikampa.

Siku mbili zilipokwisha, jioni baada ya singo ya tatu, hakupiga yeye. Ulikuja ujumbe wa sauti wa mamake, mrefu, wenye dua nyingi na sifa nyingi za malezi yangu, na katikati yake ikiwemo sentensi moja, kwamba jambo hili tuliwache na kila mmoja Mungu amjaalie kheri yake. Nilimsikilizisha mama. Alisikiliza hadi mwisho, akanirudishia simu, na hakusema nami siku ile wala ya pili yake. Alipika, akaweka sahani, akaondoka. Mara moja tu, akipita ukumbini, alisema nimeibomoa nyumba yangu kwa mkono wangu. Iliniuma. Naandika hivyo kwa sababu miezi minne kabla isingeniuma.

Asubuhi ya siku ya nne somo alibisha hodi, kikapu mkononi. Mama alimwambia mlangoni, kwa aibu, kwamba bila shaka amesikia, harusi hakuna. Somo akasema amesikia. Akasema yeye aliitwa siku saba na amesinga tatu, na sasa hataki singo, anataka maji ya moto na taulo mbili.

Basi siku ya nne, ya tano na ya sita nilikandwa. Alichovya taulo kwenye maji nisiyoweza kuyatia mkono, akalikamua, akaliweka tumboni na kulikandamiza kwa uzito wake wote, huku akizungumza habari za kawaida kabisa, bei ya ukwaju, mjukuu wake anayesoma Nairobi. Akimaliza alinifunga mkaja, ule utambaa mrefu wa kukaza tumbo la mzazi. Aliniita hivyo, mzazi. Kaa hivi, mzazi. Kunywa uji, mzazi. Ilikuwa zaidi ya mwaka mzima tangu nizae, na sidhani kama kukandwa kule kulifanya lolote kwa michirizi. Hakuna aliyeitazama. Mama alichemsha maji kila asubuhi na kuiacha ndoo nje ya mlango.

Siku ya saba ndoo iliingia, na mama akaingia nayo. Hakuomba ruhusa wala somo hakumfukuza. Alisimama pembeni na kutazama taulo likishuka na kupanda juu ya tumbo langu, ile hina imeanza kufifia, michirizi ikionekana waziwazi. Ulipofika wakati wa kufunga, somo alimpa ncha moja ya mkaja na kumwambia avute kutoka nyuma. Nilisimama baina yao. Nilimsikia mama akivuta pumzi nyuma yangu, na kitambaa kikakaza.

"Nani alimuosha?" akauliza mama.

Nikasema sijui. Wanawake wa hospitali, ambao lugha yao sikuijua. Mimi nilikuwa kitandani.

Huku kwetu mtoto kama yule huoshwa na bibi yake.

"Ningalikuja," akasema mama. "Ungaliniambia nije, ningalikuja nikamuosha mimi."

Nilimwambia najua. Sikugeuka, kwa sababu nikigeuka mkaja ungefunguka. Somo alikaza upande wake, akapachika ncha, akamwambia mama sasa aachie, imetosha. Mama hakuachia. Somo akangoja, nami nikangoja.